Walimbwende wa Marekani wanatuhusu, tena sana

Wiki hii kwenye fasihi tumefika Ulimbwende wa Marekani: Emerson, Thoreau, Hawthorne, Whitman. (Sio walimbwende wa mashindano ya urembo, jamani!) Na huku Kihonda nishasikia watu wakisema, "Hayo ni mambo ya wazungu na misitu yao, tukariri tu tufaulu." Mi nabisha.

Mchukueni Hawthorne. Kabla ya kutoa The Scarlet Letter mwaka 1850, alikuwa ofisa wa forodha bandari ya Salem, Massachusetts, kuanzia 1846 hadi 1849. Salem hiyohiyo ndiyo ilikuwa inapeleka meli Zanzibar. Konsuli wa kwanza wa Marekani pale Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi 1837, alikuwa mtu wa Salem. Meli zilileta vitambaa vya pamba, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa chenyewe wazee wetu walikiita merikani. Sasa mnajua kwa nini.

Na hakikuishia Unguja. Wapagazi walikibeba hadi bara, na njia mojawapo ya misafara ilipita Simbamwene, chini ya Uluguru, hapahapa Morogoro. Stanley alipopita 1871 akimtafuta Livingstone, merikani ilikuwa kwenye mizigo yake.

Pamba ya viwanda vya Massachusetts nayo ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Thoreau hakunyamaza: 1846 alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi kwa serikali iliyolinda utumwa. Ni huyohuyo aliyetoa Walden mwaka 1854, kitabu tunachokariri kuwa cha "kusifu maumbile". Kumbe mtu anaweza kupenda msitu na bado akauliza nani anaumia.

Sisi je? Kutoka Kihonda tunaiona Uluguru vizuri, tunapiga picha, tunatunga mashairi. Maji yanayoshuka kule ndiyo yanayojaza Bwawa la Mindu, tunakunywa mjini. Maji yakipungua tunamlaumu mkulima wa mteremkoni, huku ndizi na mboga zake tunakula kila siku. Shairi la kuusifu mlima na kumsahau yeye, kwangu mimi ni nusu shairi.

Kwa hiyo tusome tufaulu, sawa, ila tusome kwa macho ya watu wa hapa. Nyie mnaonaje? Nawasilisha.