Baba Anakatwa, Mtoto Hana Bima
UPEPO WA ZIWA na Akinyi Odera

Mwanamume mwenye mshahara hapa Kisumu hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara huo kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Awe na mtoto mmoja au sita, makato ni yaleyale. Akimwongeza mtoto aliyemzaa na mwanamke asiyeishi naye, hatozwi hata shilingi moja zaidi. Nimeanza na hilo kwa sababu nimewasikia wanaume wengi, watu wenye heshima zao, wakisema wangependa kuwatunza watoto hao ila uchumi umewabana.

Sasa tumtazame mama. Kule Obunga wanawake hununua mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, wakaikaanga na kuiuza. Ndiyo mgongo wazi tunaoula wengi wetu. Mmoja wao nilimkuta katika wodi ya watoto ya hospitali moja mjini, leso yake bado inanuka moshi, bintiye wa miaka minne ametundikiwa dripu. Mtoto ana selimundu, ugonjwa ulioenea sana huku ziwani, na akishikwa na maumivu au damu ikipungua, zahanati haimtoshi. Mama alifungua mfuko wa plastiki akatoa kijitabu cha kliniki na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Karani akabofya, akasoma, akatikisa kichwa. Mtoto ameandikishwa chini ya mama, na mchango wa mama haujalipwa. Baba ameajiriwa na mchango wake haujawahi kukosa hata mwezi mmoja, lakini kwenye kompyuta ile binti hakuwa na baba.

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, asiye na ajira rasmi hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na wengi hukadiriwa zaidi baada ya kuulizwa maswali kuhusu nyumba, choo na mali. Kwa mama anayepata pesa za leo akazila leo, hicho ni kilima. Wauza omena nao wana shida yao: uvuvi wake hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, biashara ikalala, karo na kodi ya nyumba zikawa macho. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole umelegeza kamba kidogo, na zahanati na vituo vya afya vinapaswa kumtibu bure aliyejisajili. Nashukuru kwa hayo. Lakini mtoto wa kulazwa na kuongezwa damu anahitaji mchango uliolipwa kikamilifu.

Sheria haina utata. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha sheria ya usajili wa vizazi kilichozuia jina la baba asiyemwoa mama kuandikwa bila wote wawili kuomba. Sheria ya Watoto ya 2022 ikashindilia msumari. Kwa nini basi bima ndiyo ibaki ikimsubiri baba ajisikie?

Ninachodai ni kwamba namba ya cheti cha kuzaliwa ikiingizwa, mfumo umtafute mtoto chini ya wazazi wote wawili walioandikwa humo, na mchango wa yeyote uliolipwa umtibu. Aliye na mzazi mmoja tu kwenye cheti, mama yake akiwa hana uwezo, awe wa kwanza kulipiwa na serikali. Vivyo hivyo kwa watoto wanaolelewa na nyanya zao baada ya wazazi kufariki, na wako wengi kutoka Dunga hadi Mbita. Na mahakama ya watoto inapotoa amri ya matunzo, bima iandikwe humo pamoja na chakula na karo.

Najua pingamizi. Baadhi ya huduma, kama za saratani, zina kikomo cha fedha kwa kaya nzima, na mke wa nyumbani atauliza kwa nini wanawe wagawane na mtoto wa nje. Swali lake ni halali, na jibu ni kikomo hicho kihesabiwe kwa kila mtoto. Kumwondoa mtoto kwenye hesabu si jibu. Wapo pia wanaume wanaohofia kwamba kumwandikisha mtoto ni kukiri, na kukiri ni kujipeleka kortini. Kwao sina la kuwapoza. Mtoto ni wao.

Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuja Kisumu kuzindua majaribio ya afya kwa wote, tukiwa miongoni mwa kaunti nne za kwanza. Kaunti ikaja na bima yake ya Marwa kwa familia maskini. Tulikuwa mbele, na wabunge wetu wana kila sababu ya kulipeleka suala hili Nairobi wao wenyewe.

Wewe baba unayesoma, usingoje Bunge. Piga *147# leo umwandikishe mtoto wako. Namba ya cheti kama huna, mwombe mama yake, na umwambie ni ya nini.