Daftari mbili: moja ku shimo, moja ku avenyu

Mama mmoja wa avenyu yetu, hapa komini ya Kimemi, alilala chini siku nne akimlilia mtoto ambaye alikuwa mzima. Simu ilipigwa usiku kutoka kariere moja ya upande wa Manguredjipa: "Shimo imeanguka, bote bako ndani." Bote ni nani? Mwenye kupiga simu hakujua. Shefu wa timu hakujua. PDG wa shimo alijua tu hesabu ya mifuko ya udongo iliyotoka mchana. Siku ya tano kijana akafika Butembo na pikipiki, matope kwenye viatu, akakuta shangazi zake wanachemsha chai ya matanga yake. Usiku ule hakushuka. Alikuwa amekwenda kutafuta betri za tochi.

Tulicheka, tukalia, tukaimba. Lakini vijana wengine watatu walikuwa ndani kweli, na mama zao hawakuwa wamelala chini, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kama wako kule.

Bandugu wakreseri, na ninyi mama na watoto mnaobaki nyumbani, kila mvua kubwa ikirudi tunasikia wakubwa wanataja "mpango wa dharura". Wengi wetu tunafikiri hiyo ni karatasi yenye mihuri inayolala ndani ya kabati. Mimi nasema mpango unaanza na daftari mbili za shule, zile za bei ndogo. Moja ikae ku shimo, moja ikae ku avenyu. Ndani yake mambo matatu: nani yuko hapa, hatari gani inatuzunguka, na siku ikifika nani atafanya nini. Pasipo hizo daftari, mpango wowote wa meya au wa gavana hauna pa kukanyaga.

Angalieni neno "karibu". Tarehe 11 Septemba 2020, ku Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua iliingiza maji ndani ya mashimo ya dhahabu ya kariere inayoitwa Detroit. Habari zilizotoka zilitaja wafu karibu 50. Tarehe 4 Mei 2023, mito ilibomoa Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe. Ilikuwa siku ya soko ku Nyamukubi, na watu walikuwa wametoka vijiji vingi. Zaidi ya 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana tena. "Karibu", "zaidi ya": ndani ya maneno hayo mko familia ambazo hazijui kama zimlilie mtu wao au ziendelee kungojea. Hesabu inayofanywa kisha shimo kuanguka inakuwa ya kukisia. Hesabu ya kweli inafanywa asubuhi, watu wakiwa bado wanacheka juu ya ardhi.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya serikali. Ndiyo, na tutaidai. Lakini tuangalie mahali tulipo. Tangu M23 ichukue Goma mwisho wa Januari 2025, ofisi za mkoa zilihamia Beni. Na hata wakati wa amani, gari gani ya msaada ilifika ku kariere mbele ya saa ya kwanza kuisha? Saa ile ya kwanza ni ya rafiki mwenye koleo na kamba, na ya jirani mwenye pikipiki. Hao ndio timu ya dharura. Shida ni kwamba hawajapangwa.

Tunajua pia kitu gani kinatokea mpango ukiletwa kutoka mbali bila sisi. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Magari mazuri yalikuja, na watu wakayarushia mawe. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, watu wengi wakasema ugonjwa huu ni siasa. Sisemi mawe yalikuwa haki: wauguzi waliumizwa, na daktari Richard Mouzoko aliuawa hapa Butembo, Aprili 2019, alipokuja kututunza. Lakini kila mtu anakumbuka mambo yalivyoanza kulainika: ni pale vijana wa kartie, mashefu wa avenyu, mama wa makanisa na wamotari walipoanza kusema wenyewe, kwa luga yetu. Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo. Safari ile iliisha kwa wagonjwa 12 na wafu 6, tarehe 3 Mei. Chanjo ilikuwepo, ni kweli. Lakini pia wauguzi na watu wa huku walikuwa wameisha jua la kufanya. Hiyo ndiyo faida ya kujipanga mbele.

Sasa, kupima hatari si kazi ya maenjinia peke yao. Mkreseri anaifanya kila asubuhi: anagonga ukuta, anasikiliza mti wa kushikilia, anaangalia kama maji yanayotoka yamebadilika rangi. Tunahitaji tu kuyaandika. Kwa kila hatari uliza mambo mawili: inakuja mara ngapi? Na ikikuja, inavunja kiasi gani? Toa alama kutoka 1 mpaka 5 kila upande, kisha zidisha.

Mfano ku shimo. Ukuta kubomoka kisha mvua ya usiku: unakuja mara nyingi, 4, unaua, 5, jumla 20. Gesi ya motopompe: si kila mwezi, 2, inaua, 5, jumla 10. Nyoka: 2 mara 3, jumla 6. Kwa hiyo tunaanza na ukuta. Ku avenyu, mto Kimemi na kanivo zilizojaa takataka zinaweza kupata 12. Esanse ya kadafi katikati ya nyumba za mbao, 10. Zebaki inayochomwa jikoni ambapo mtoto analala, ninyi wenyewe mtaipa alama. Ebola inaweza kupata 5 tu, juu haiji kila mwaka. Namba inaonyesha pa kuanzia. Haisemi msahau ingine.

Kisha kila hatari iwe na amri yake fupi, ambayo hata mgeni wa jana anaielewa. Kwa ukuta: mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi hakuna kushuka mpaka watu wawili wenye uzoefu wazunguke kule juu wakitafuta ufa. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ku shimo, ufa hauzibwi, unakimbiwa. Kwa gesi: motopompe ya esanse haiingii shimoni hata kidogo. Ile gesi haina harufu wala rangi, na mshumaa haupimi kitu: unaweza kuwaka vizuri huku mtu anakufa pembeni yake. Ndiyo maana wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa anaanguka, na wa tatu vilevile. Basi tuandike: mtu akianguka ndani, hakuna wa kumfuata bila hewa safi kuingizwa kwanza na bila kamba kiunoni. Na tukumbuke kwamba sheria ya madini inaweka mwisho wa shimo la mkono ku mita 30. Mashimo yetu mengi yameisha pita pale, na kila mita inayozidi inaongeza alama.

Najua mtakachonijibu. La kwanza: "Siku sishuke, nitakula nini? Nina deni ya PDG." Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na mtu akiwaambia mbaki juu bila kuijibu, anacheza na ninyi. Jibu langu: likelemba ya mvua. Kila timu itoe kitu kidogo siku za mavuno, ili siku ya ufa chakula cha wote kitoke mle. Na PDG atoe sehemu yake. Shimo likianguka, yeye pia anapoteza pompe, mbao, na watu wa kulipa deni lake.

La pili: "Majina yakiandikwa, yatafika kwa wenye silaha ao kwa wenye kodi." Ni kweli, na sisi watu wa huku tunajua bei ya orodha ikianguka mikononi mwa watu wabaya. Kwa hiyo daftari la shimo lisikae kwa ofisi, na lisikae kwa mwenye bunduki. Likae kwa mama wa malewa, yule anayewapikia. Jina la utani linatosha, na namba moja ya simu ya nyumbani. Mtu akishuka, anaandikwa. Akipanda, anafutwa. Wote wakiisha toka, karatasi inachomwa ku jiko lake. Usiku ule wa mama wa avenyu yetu, mistari michache tu ingetosha.

La tatu, wazee watasema: "Ukiandika kifo, unakiita." Wazee wetu, heshima kwenu. Lakini mnaweka mbegu ya maharagi pembeni mbele ya njaa kufika, na hatusemi mmeiita njaa.

Kwa ninyi mama mnaobaki Kimemi, daftari la avenyu ni lenu. Andikeni nyumba zilizo karibu na mto na chini ya mlima. Andikeni mzee asiyeweza kutembea, mama mwenye mimba, mtoto anayebaki peke yake mama akienda soko, na familia za wakimbizi walizozipokea majirani, juu hao hawajui njia za usiku. Chagueni mahali pa juu pa kukutania, kanisa ao shule, na mujue nani anashika ufunguo wake. Chagueni filimbi itakayopigwa na nani wa kuipiga. Kisha fanyeni majaribio mara moja, siku ya salongo: kanivo zikiisha safishwa, filimbi inalia, kila mtu anapanda. Mtaona wenyewe nani alisahauliwa.

Na kwako, Bwana Burgumestri, ombi letu ni dogo. Avenyu zikileta kurasa zao, usiziweke kabatini. Bandika ukutani kwa kila ofisi ya kartie hatari tatu za kwanza na namba ya mtu wa kuita, na utenge kitu ku bajeti kwa ile ya kwanza. Watu wa SAEMAPE wanapotembelea kariere, waulize kwanza: daftari liko wapi? Majina wayaache kwa mama wa malewa. Waangalie amri, na kama zinafuatwa.

Yule kijana wa betri amerudi ku kariere, kwa sababu hakuna kazi ingine inayolipa karo ya wadogo zake. Mama yake hakumzuia. Alimpa mfuko wa unga, na ndani yake daftari moja na kalamu mbili. Akamwambia: "Mupatie mama mwenye anabapikia. Na ukishuka, andika." Mwenye kuwa na mtoto ku shimo afanye vile leo, mbele mvua haijaanza.