Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende

Juma lililopita mpwa wangu, kijana wa shule, aliniomba ruhusa ya kutazama sinema ya Kiingereza ya nyimbo na vichekesho iitwayo "A Hard Day's Night". Nilimkatalia, nikisema kwamba picha za namna hiyo hufanywa kwa fedha chache na akili chache zaidi. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, je, umepata kuiona?" Nikanyamaza, maana sikuwa nimeiona. Basi jioni ile tukaitazama pamoja.

Yanipasa kukiri kosa langu mbele yenu. Picha hiyo ya Beatles, waimbaji wanne wa Liverpool, ilipigwa mwaka 1964 kwa gharama ya paundi 200,000 hivi, fedha kidogo kwa kazi ya sinema. Kampuni ya United Artists, iliyotoa fedha hizo, ilitamani hasa kuuza santuri za nyimbo zake. Kazi ilianza mwezi wa Machi, na tarehe 6 Julai ikaonyeshwa London mbele ya Binti Mfalme Margaret. Haikutiwa hata rangi.

Lakini wenye kazi hawakuifanya ovyo kwa sababu ya uchache wa fedha. Mtungaji Alun Owen alikaa kwanza na vijana hao, akasikiliza usemi wao, akaona jinsi sifa zao zilivyowafunga kama wafungwa: kutoka gari la moshi hadi chumbani, kutoka chumbani hadi motokaa. Mwongozaji Richard Lester akaigeuza hali hiyo kuwa kichekesho chenye kweli ndani yake.

Wahakiki waliotarajia upuuzi walirudi wakisifu. Bosley Crowther wa New York Times aliisifu. Andrew Sarris wa Village Voice akailinganisha, katika aina yake, na "Citizen Kane". Ikapendekezwa kwa tuzo mbili za Oscar, ingawa haikuzipata. Mwaka 1999 British Film Institute ikaihesabu miongoni mwa filamu 100 bora za Uingereza.

Mimi ni karani, na najua jinsi ilivyo rahisi kuihukumu barua kwa bahasha yake. Lakini karani afanyaye hivyo huweza kutupa haki ya mtu kapuni. Mzazi naye huweza kupoteza imani ya mtoto.

Mpwa wangu hakunicheka. Nimemtaka radhi. Nanyi wazazi wenzangu, kabla ya kusema "hapana", tazameni kwanza.