Mwanaume si ngumi: tumalize hadisi ya Mwindo

Mtu akipiga bibi yake, ao vijana wakikatana mapanga kwa neno dogo, hatukosi kusikia: « Iko mila yetu, mwanaume ni nguvu. » Sisi walimu tunauliza: mila gani hiyo?

Wengine wanatutajia Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale. Ni kweli, Kabutwa-kenda hakuwa mpole. Baba yake Shemwindo, asiyetaka mtoto mwanaume, alimrushia mikuki. Naye Mwindo alikua na majivuno, akamwomba Nkuba, mwenye radi, aunguze kijiji cha Tubondo. Hapo njo wanafunga kitabu.

Lakini hadisi ile, ambayo muzee Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na ambayo Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969, haiishii pale. Mwindo anaua joka Kirimu. Kumbe Kirimu na Nkuba walikuwa wamechanjana damu! Sasa Nkuba afanye nini? Mwindo pia ni rafiki yake, alimsaidia katika vita. Mmoja ni mtu wa dunia mwenye kujisifu, mwingine ni wa mbinguni. Urafiki wao umeingia mwiba.

Nkuba hamuui. Wala hanyamazi. Anamchukua juu, mwaka muzima, apigwe na baridi, mvua na upepo, tena anamkataza kuua nyama. Mwindo anarudi akiwa mtu mwingine. Anaamuru watu wake walime vyakula vingi, wasigombane, wasifuate bibi wa mwenzao, wasicheke mlemavu. Hapo njo anakuwa mwami kamili.

Basi, wenye kusema mila inaruhusu ngumi wamesoma nusu.

Sisi pia tuna kosa. Jirani mmoja tuliyekunywa naye kasiksi kila siku ya posho alikuwa anapiga bibi yake. Tulisikia kilio, tukanyamaza, ni kusema « mambo ya nyumba ya watu ». Juu ya nini? Tuliogopa kupoteza rafiki. Ule haukuwa urafiki, ulikuwa woga wa wanaume wawili kwenye chupa moja.

Wababa, tusiwape vijana Mwindo wa katikati. Tuwape Mwindo wa mwisho, na sisi wenyewe tukubali kazi ya Nkuba: kumwambia rafiki « umekosa », hata kama atakasirika.