Bafu Yako Haitaki Stika, Inataka Kukauka

Wale mnaonitumia zile video za "bafu kabla na baada", leo tutakosana. Msee anaingia kwenye bafu ya simiti, muziki unapiga, sekunde thelathini baadaye kuna marumaru, maua na taa za zambarau. Marumaru gani? Ni stika! Na sijaona hata mmoja akirudi na kamera baada ya miezi mitatu.

Mimi nimerudi. Bafu yetu iko hapa Majengo, Nyeri, ploti ya zamani, kuta za simiti tupu, dirisha dogo kama kitabu cha mazoezi. Mwezi wa tano nilinunua roli nne za wolpepa ya kujibandika, elfu mbili mia nne zikaenda. Sikuwa nimewahi kushika kazi ya fundi maishani. Nikafuta vumbi, nikabandika, nikapiga picha, nikapata laiki zangu. Kisha Julai ikafika. Kama hujaishi Nyeri Julai, sikia: tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, kati ya Mlima Kenya na Aberdare, na jua linaweza kupotea siku kadhaa mfululizo. Mvuke wa maji moto ukigusa ukuta baridi unageuka matone. Simiti inayanyonya, lakini ile wolpepa ni plastiki, hairuhusu kitu kutoka. Pembe zikaanza kujikunja. Nilipoivuta, nyuma ilikuwa nyeusi ti. Kuvu.

Na mdogo wangu, ambaye ana pumu, alikuwa amekohoa usiku wiki mbili nzima. Sisemi ni wolpepa peke yake. Nasema sikuona kilichokuwa kinamea pale kwa sababu nilikifunika mwenyewe, tena kwa pesa yangu.

Jirani yetu, nyanya aliyekuja Majengo kabla babangu azaliwe, aliangalia akacheka: "Mjukuu wangu, umeuvalisha ukuta nguo mbichi. Tafuta chokaa."

Chokaa, jameni. Ile tunadharau kwa sababu inapakwa kwa mawe ya kando ya barabara. Lakini kule Lamu kuna nyumba za mawe za karne ya 18 zenye mabafu ya lipu ya chokaa, na birika la maji ambalo waliweka samaki wadogo ndani wale viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni bafu iliyofikiriwa. Chokaa inaacha ukuta upumue, na ule ukali wake kuvu haiupendi. Mfuko mzima haukufika nusu ya bei ya zile roli zangu.

Kazi yenyewe haipendezi kwa video. Nilikwangua siku nzima. Nikasugua kwa Jik iliyotiwa maji, mlango wazi. Na hapa nisikilize vizuri: usichanganye Jik na ile dawa ya choo ya asidi hata tone. Inatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kuua wanajeshi kule Ypres mwaka 1915, na wewe uko ndani ya chumba cha hatua mbili. Suuza, kisha acha ukuta ukauke. Siku nne tulioga kwa beseni nyuma ya nyumba, na nilitukanwa kwa lugha tatu.

Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho. Kabla ya kupaka nyunyizia ukuta maji kidogo, la sivyo simiti itainyonya haraka na itabaki unga. Nyanya alitia chumvi ili ishike, na bluu ya kufulia nguo ndiyo ikatupa ile rangi mnayoniuliza. Mkono wa kwanza unaonekana kama maji machafu, utataka kulia. Paka mitatu, myembamba. Pale maji yanapopiga moja kwa moja itafifia, nitarudia mwakani. Sawa tu.

Shawa ya umeme usiguse. Najua umeona mtu akifunga waya mwenyewe TikTok. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mlipe, nyamaza.

Halafu kuna wale wa "nyumba si yako, mbona ujisumbue?" Nyumba si yangu, ndiyo. Mapafu ni yangu. Lakini hapo wana nusu ya ukweli, kwa sababu chokaa haipanui dirisha, na dirisha ni kazi ya landilodi, si ya mpangaji na brashi. Wiki jana alikuja, akasimama mlangoni akatabasamu, akaniuliza kama naweza kumfanyia na zile bafu mbili za upande ule, "kwa vile unajua." Nikamwambia nitapaka bure siku atakayokuja na fundi wa dirisha. Bado namngoja.