Baba wa Rahaleo na Shamba Lake la Mikorosho



Juma lililopita mzee mmoja wa hapa Rahaleo, Mtwara, alinijia baada ya Misa. Binti yake amemaliza Kidato cha Sita, naye ataka kwenda chuo kikuu kusoma teknolojia ya habari, kisha usimamizi wa miradi yake. "Mwalimu," akaniambia, "mashine nazielewa. Wako wanaozitengeneza na wako wanaoziuza. Lakini huo usimamizi ni kazi gani? Maana nataka kuuza kipande cha shamba la mikorosho nilipe ada."

Swali hili nalijibu hapa, kwani najua wazazi wengine wanalo.

Sikieni kisa cha nchi yetu wenyewe. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini. Baadaye ikaja nyingine kubwa zaidi, ifanye hesabu za Serikali. Kazi ile ikavurugika, fedha nyingi zikapotea, hata mwaka 1974 Serikali ikakataza kompyuta zisiingizwe nchini ila kwa ruhusa maalum. Miaka mingi ikapita kabla ya mlango kufunguliwa tena. Mashine zilikuwapo, lakini wenyeji walioijua kazi ile walikuwa wachache mno.

Basi msimamizi wa mradi ndiye anayeuliza mapema: nani atafanya nini, kwa fedha gani, kazi ipi itangulie na ipi ingoje? Fundi wa kuezeka haji kabla kuta hazijasimama. Jambo hilo twalijua sote, lakini kazi zikiwa mia tatu, kichwa hakitoshi. Hapana budi kuwe na hesabu. Huko Marekani hesabu ya namna hiyo ilitungwa mwaka 1957, na wanafunzi wa chuo huisoma mpaka leo.

Tena kuna jambo litakalowashangaza ninyi wakulima. Palizi ikichelewa, mwaita majirani, nayo yaisha. Katika kuandika programu za kompyuta sivyo. Fred Brooks, aliyeongoza kazi kubwa ya namna hiyo katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu katika kazi iliyochelewa, yazidi kuchelewa. Kwa nini? Kila mgeni lazima afundishwe, na anayemfundisha ameacha kazi yake. Nami nilidhani ni mzaha, mpaka nilipofikiri vizuri.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Tangu msimu wa 2024 korosho zetu zimekuwa zikiuzwa kwa mnada wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania. Karani wa chama cha msingi asipofundishwa, au jina la mkulima likikosewa katika akaunti, nani atakaa bila fedha zake? Si mashine. Lazima awepo mtu aliyeyafikiria hayo kabla ya siku ya mnada.

Nikamshauri mzee asiuze shamba kwanza. Binti aanze na shahada ya kompyuta yenyewe, katika chuo kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo, afanye kazi miaka michache, ndipo arudi kusomea usimamizi. Wako vijana wanaolipenda neno "msimamizi" kwa sababu wanakiona kiti tu. Asiyewahi kuifanya kazi atawezaje kujua itachukua siku ngapi?

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama wanaume watakubali kupangiwa kazi na msichana. Nikamwambia akamwulize mama yake binti ni nani hugawa kazi nyumbani wakati wa kuokota korosho. Akacheka, akavaa kofia yake, akaondoka.