Promota wa Matamasha Kwenye Mradi wa Maji? Mwacheni Aende, Ila Ajipange Kweli

Wadau, habari imeshazunguka kuanzia Segera mpaka Chanika, kwa hiyo tuiongee tu. Kuna dada mmoja, wengi mnamjua na jina silitaji, ameandaa matamasha na harusi kubwa kubwa Korogwe na Handeni kwa miaka mingi. Sasa ameitwa kwenye usaili wa umeneja wa mradi wa maji vijijini, upande wa Handeni. Toka habari ivuje ni kejeli tu. "Atafunga spika kwenye bomba?" "Kapitia kwa mganga gani?" Wengine wanasema lazima kuna mkubwa kamshika mkono.

Mimi nasema hivi: kuitwa sio kosa. Kosa atalifanya akiingia kwenye chumba kile akiamini kwamba mradi ni mradi tu.

Tumpe kwanza haki yake. Mtu aliyesimamisha tamasha la usiku mmoja ameshika mambo mengi kwa wakati mmoja. Kibali cha wilaya, polisi, jukwaa, jenereta, mdhamini anayechelewesha hela, msanii anayetaka malipo yote kabla hajapanda gari, halafu mvua inashuka saa kumi jioni. Hiyo ni bajeti, ratiba, wakandarasi na hatari, hata kama yeye hayaiti hivyo. Na tamasha halisogezwi tarehe, watu wameshakata tiketi. Hebu jiulize, kati ya hao wanaomcheka, wangapi wamewahi kumaliza kazi siku ile ile waliyoahidi?

Sasa upande wa pili, na hapa simpaki mafuta. Tamasha likiharibika utatukanwa wiki nzima, basi yameisha. Mradi wa maji ukiharibika, mama wa kijijini anarudi kubeba dumu kichwani, na mtoto anachelewa shule kwa sababu alipitia kisimani. Handeni shida ya maji inajulikana. Maji ya bomba kubwa la HTM yanatoka Mto Pangani upande wa Korogwe, yanasukumwa kwa mashine mpaka huku. Mashine ikisimama au umeme ukikatika, huku juu watu wanaangalia mabomba makavu. Ndio maana Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimewekwa kwenye mradi wa miji 28, ule wa mkopo wa Dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ilisainiwa Chamwino mwaka 2022. Hapo hatuchezi.

Kwa hiyo, dada yangu, kama unasoma hapa, haya ndiyo ningekaa nayo kabla ya siku hiyo.

Jua nani ni nani. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Bei za mamlaka za maji zinapita EWURA. Kibali cha kuchukua maji mtoni kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Na mto wenyewe una wenyeji wengi: maji hayo hayo yakishuka yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, megawati 21, na Pangani Mpya, megawati 68, na mashamba nayo yanayahitaji. Ukiweza kueleza kwamba kila lita unayoivuta kuna mwenzako chini anayeisubiri, paneli itakaa sawa kwenye viti.

Nenda ukaone. Panda bodaboda, tafuta kijiji chenye mradi unaofanya kazi na kingine chenye mradi uliokufa. Kaa na fundi bomba, kaa na mhasibu wa chombo cha watumia maji, kaa na anayeuza maji kwenye kituo cha kuchotea. Uliza mambo matatu: pampu iliharibika lini mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi bila kutengenezwa, na nani alilipa. Majibu hayo yanazidi wiki nzima ya kukariri maswali na majibu ya kwenye intaneti.

Usijifanye mhandisi. Wakikuuliza pampu ya ukubwa gani inafaa, usibuni. Sema hilo ni la mhandisi, ila kazi yako ni kuhakikisha kisima kimepimwa kinatoa maji kiasi gani kabla hela ya pampu haijatoka. Jibu hilo linaonyesha unajua kipi kinatangulia kipi. Mjanja wa maneno angetaja namba ya uongo, na mhandisi aliyekaa mezani angemkamata hapo hapo.

La mwisho ndilo kubwa. Kazi ya tamasha inaisha taa zikizimwa, jukwaa likafunguliwa, kila mtu akalipwa. Kazi ya maji inaanza siku ile utepe umekatwa na mgeni rasmi ameondoka. Nani anabaki na ufunguo wa chumba cha pampu? Nani anakusanya hela ya ndoo, na anaiweka wapi? Koki ikivunjika, spea inatoka Korogwe au Dar? Hapa ndipo mtu wa matamasha anaweza kuanguka, maana hajazoea kufikiria kesho yake. Akienda na majibu ya kesho yake, amewapita hata waliosomea maji.

Na nyie wa upande wa pili wa meza, neno moja. Msimuulize kama ameolewa, wala kama ataweza kuongoza wanaume. Mpeni hali halisi: mkandarasi amesimama, hela ya awamu ya pili haijaja, kijiji kimefunga barabara kwa hasira. Muulizeni anafanya nini Jumatatu asubuhi. Hapo mtajua kama mnaye meneja au mnaye mtu wa shoo tu.

Akishindwa kwa sababu hakujiandaa, sitamtetea. Akishinda kwa sababu ya koneksheni huku hajui kitu, nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Ila kumkatia tamaa kwa sababu jana alikuwa anashika maiki, hapana, hiyo ni roho mbaya tu.

Sasa wadau wa Kabuku, Mkata, Sindeni, Kwamsisi na Magoma, nyie ndio mnaobeba madumu. Ungekuwa umekaa kwenye paneli ile, swali lako la kwanza kwake lingekuwa lipi? Shusha hapo chini, na matusi tuyaache nyumbani.